Kabla ya kumfundisha mtoto imani, mjue kwanza

Jumapili ya kipaimara huwa na shamrashamra zake. Suti mpya, gauni jeupe, keki, pilau, simu zinapiga picha kila kona na bahasha za wasimamizi zinapokelewa kwa vigelegele. Miezi michache baadaye, benchi alilokuwa akikalia kijana yule liko wazi. Mama akimuuliza mbona haendi ibadani, jibu ni fupi: "Nitaenda." Wiki zinapita.

Wazazi wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaopandisha sauti na kukumbusha ada, chakula na paa wanalompa mtoto. Wapo wanaomwita mchungaji, padri au mjomba mcha Mungu "aje azungumze naye kidogo." Nia ni njema, lakini hatua moja imerukwa. Hakuna aliyekaa na kijana huyo mpaka akajua anawaza nini.

Na si kwamba hakufundishwa. Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania mafundisho ya kipaimara huchukua miaka 2, na kwenye parokia za Kikatoliki katekista humkalisha mtoto darasani muda mrefu kabla askofu hajafika. Kijana anazijua Amri Kumi kwa mpangilio, anaijua Sala ya Bwana na Imani ya Mitume bila kukwama. Anaweza kujibu maswali ya mwalimu wote. Maswali yake mwenyewe ndiyo hajapata wa kumuuliza.

Deogratias aliomba msaada

Shida hii haikuanza na kizazi cha simu. Karibu mwaka 400, katika mji wa Karthago ulioko nchi inayoitwa leo Tunisia, kulikuwa na shemasi aliyeitwa Deogratias. Ni jina ambalo familia nyingi za hapa kwetu zinalo. Kila ukoo una Deo wake. Kazi ya shemasi huyo ilikuwa kuwapokea watu waliotaka kuanza safari ya Ukristo na kuwapa fundisho la kwanza.

Watu walimsifu kwa kufundisha vizuri. Yeye mwenyewe hakuridhika. Aliona maneno yake yanakuwa marefu, yanapoa njiani, na wakati mwingine yanamchosha hata yeye anayeyasema. Akamwandikia Agustino, askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, akaomba ushauri. Agustino alimjibu kwa kitabu kidogo ambacho walimu wa dini wanakisoma hadi sasa.

Ndani ya kitabu hicho kuna muhtasari wa mambo ya kufundisha na mifano miwili ya hotuba, moja ndefu na nyingine fupi. Lakini sehemu kubwa ya ushauri inamhusu mtu anayesikiliza. Agustino anamwambia Deogratias kwamba, ikiwezekana, awaulize kwanza wanaomfahamu mtu huyo yuko katika hali gani na nini kimemsukuma kuja. Ikishindikana, amuulize mwenyewe. Jibu atakalopata ndilo liwe mlango wa mazungumzo.

Anamkumbusha pia kwamba upendo unaowastahili watu ni mmoja, ila hawawezi wote kupewa dawa moja. Kuna msomi na asiyesoma, wa mjini na wa kijijini, maskini na tajiri, anayesikiliza peke yake na aliye kwenye kundi. Mwalimu hubadilika kwa ajili yao.

Kwa mzazi, hilo lina maana ya karibu sana. Watoto watatu waliozaliwa na mama mmoja, wakalala chumba kimoja, hawafiki kwa Mungu kwa mlango mmoja. Mmoja huguswa na kwaya. Mwingine anataka kujua Biblia iliandikwa na nani na lini. Wa tatu haelewi mahubiri, ila ukimtuma apeleke uji kwa jirani mgonjwa anarudi akiwa na maswali ya maana.

Akisema sababu ya ajabu, usicheke

Mtoto anaweza kusema wazi kwamba anataka kipaimara kwa sababu rafiki zake wote wamejiandikisha, au kwa sababu mwaka jana binamu yake alipewa simu. Mzazi anaweza kuona aibu, akamkatiza: "Kwa hiyo wewe Mungu kwako ni simu?"

Hapo mlango umefungwa, na mtoto amejifunza jambo moja: safari nyingine aseme kile wakubwa wanachopenda kusikia.

Agustino alikutana na watu wa namna hiyo. Wapo waliotaka ubatizo ili wapate kitu kwa wakubwa au wakwepe hasara, huku mdomoni wakitoa sababu nzuri. Hakumshauri Deogratias awaumbue. Alimshauri aanzie kwenye ile sababu nzuri waliyoitaja, aisifu, mpaka mtu atamani kweli kuwa vile alivyojionesha. Na anayetoa sababu isiyofaa arekebishwe kwa upole.

Kwa mtoto wa simu, mzazi anaweza kuuliza, "Na hao rafiki zako, mkiwa darasani mnafurahia nini?" Huenda jibu likawa ni kuimba, au mwalimu mcheshi, au kwamba pale hakuna anayemcheka kwa kigugumizi chake. Tayari pana pa kuanzia.

Swali lililo nyuma ya swali

Watoto na vijana hawaulizi moja kwa moja. Swali la imani mara nyingi limebeba jambo jingine mgongoni.

"Kwa nini Mungu hawaponyi wengine?" linaweza kuonekana swali la darasani. Lakini kama bibi aliyemlea amefariki baada ya familia nzima kufunga na kuomba, mtoto huyo haulizi nadharia. Anauliza kama maombi yake yalikuwa na kasoro, au kama yeye ndiye aliyesababisha. Akijibiwa haraka "ni mapenzi ya Mungu," anaweza kuondoka akiamini kuwa Mungu ndiye aliyemchukulia bibi yake. Aanze kwa kuulizwa: "Unamkumbuka bibi ukifanya nini?" Aachwe alie. Mafundisho juu ya ufufuo yatapata nafasi, na siku hiyo atayasikia.

"Wasio Wakristo wataenda wapi?" linaweza kuulizwa na mtoto ambaye baba yake mdogo ni Mwislamu, au rafiki yake wa dawati moja anaswali Ijumaa. Katika nyumba nyingi za Tanzania, Pasaka na Idi husherehekewa na ukoo mmoja. Mtoto anataka kujua kama imani yake inamdai aache kuwapenda watu wake. Anayemjibu asipolijua hilo anaweza kumwumiza bila kukusudia.

Kisha kuna swali fupi kuliko yote: "Lazima niende leo?" Huenda ni uvivu wa Jumapili asubuhi. Huenda pia viatu vimemwishia na wenzake walimcheka. Huenda ameshindwa kukariri na anaogopa kusimamishwa mbele. Au kuna mtu mzima huko anakoenda ambaye anamtia hofu. Majibu haya yote huanza na maneno yale yale, na mzazi hatayatofautisha kwa kukemea.

Injili ya Luka ina kisa cha wanafunzi wawili waliokuwa wakitembea kwenda Emau siku ya ufufuko, wamekata tamaa. Yesu aliwafikia njiani bila wao kumtambua. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuliza wanazungumza nini. Wakamweleza yote, pamoja na matumaini yao yaliyovunjika, na yeye aliyejua habari ile kuliko wao akawaacha wamalize. Ufafanuzi wa Maandiko ulikuja baadaye. Walimu wa Biblia hupenda kukaa kwenye ufafanuzi ule. Mzazi anaweza kujifunza mengi kutoka kwenye dakika za mwanzo za safari ile.

Mmoja usiku, mwingine mchana

Katika Injili ya Yohana, sura ya 3 na ya 4 zimekaa jirani, na watu wawili waliomo hawafanani kwa lolote. Nikodemo ni mwalimu wa dini, mwenye cheo, anakuja usiku. Mwanamke wa Samaria anakutana na Yesu kisimani saa za mchana, akiwa peke yake, na maisha yake ya ndoa yana historia ndefu.

Msomi anapewa fumbo la kuzaliwa mara ya pili, jambo linalompasa afikiri upya. Mwanamke anaombwa maji. Mazungumzo yake yanaanzia kwenye ndoo na kiu. Kila mmoja anafikiwa pale alipo.

Nyumbani nako ni hivyo. Kijana anayependa ubishi asiitwe mkaidi; huenda yeye ndiye anayechukulia imani kwa uzito kuliko ndugu zake. Anahitaji mtu mzima asiyeogopa kusema, "Hilo sijui, tumuulize mchungaji wiki hii," kisha akamuuliza kweli. Binti mkimya naye asilazimishwe kuomba kwa sauti mbele ya wageni ili wazazi wapongezwe. Anaweza kuzungumza zaidi wakati anaosha vyombo na mama, au akiwa safarini na baba, kwa kuwa hapo hakuna anayemtazama usoni.

Huenda amechoka tu

Agustino anamwonya Deogratias aangalie miili ya wasikilizaji wake. Mtu akianza kupiga miayo, mwalimu amchangamshe kwa neno la kufurahisha. Na kama mtu amechoka kusimama, apewe kiti. Zamani zile waumini wengi wa Afrika Kaskazini walisikiliza wakiwa wima, na askofu anasema wazi kuwa ni heri mtu akae asikie kuliko asimame huku akitamani kuondoka.

Biblia ina habari ya namna hiyo katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Nabii Eliya, akimkimbia malkia Yezebeli, alijilaza chini ya mti jangwani akaomba afe. Hakuhubiriwa. Alilala, akaamshwa ale mkate na anywe maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili. Mazungumzo mazito yalisubiri hadi alipofika mlimani.

Mwanafunzi wa bweni anaporudi likizo, wiki ya kwanza mara nyingi ni ya usingizi. Anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne anaamka gizani na kulala usiku wa manane. Kumwona hasali na kuhitimisha kwamba amerudi nyuma kiimani ni haraka. Mpe chakula, mpe siku tatu, halafu muulize habari za shule bila kuanza na maksi.

Nyumba anayotoka

Msimamizi au mwalimu asiyejua nyumba ya mtoto anafundisha nusu mtu. Timotheo, kijana aliyelelewa kiimani na Mtume Paulo, alikuwa na baba Mgiriki na mama Myahudi. Paulo alimjua mama yake, Eunike, na bibi yake, Loisi, kwa majina, na alipomwandikia alianza na imani ya wanawake hao wawili.

Agustino mwenyewe alikuwa mtoto wa nyumba yenye imani mbili. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Baba yake, Patrisi, alipokea ubatizo karibu na mwisho wa maisha yake. Kijana huyo msomi alimliza mama yake miaka mingi. Alipofika Milano na kukutana na Askofu Ambrosi, anaeleza katika maungamo yake kwamba mwanzoni hakumpenda kama mwalimu wa ukweli, kwa maana alikwisha kukata tamaa ya kuupata ukweli kanisani. Alimpenda kwa sababu alimpokea kwa wema. Mafundisho yalifuata, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Huenda ndiyo maana miaka kadhaa baadaye alijua la kumwambia Deogratias.

Msimamizi wa bahasha

Familia nyingi huchagua msimamizi kwa uwezo wa mfuko wake. Bosi wa baba, mfanyabiashara wa mtaa, shangazi anayeishi ng'ambo. Siku ya sherehe anang'ara, kisha anaonekana tena kwenye harusi.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inamtaka msimamizi wa ubatizo awe ametimiza miaka 16, isipokuwa askofu ameweka umri mwingine au kuna sababu ya haki, awe amepokea kipaimara na Ekaristi, na aishi maisha yanayolingana na kazi hiyo. Baba au mama mzazi haruhusiwi. Kwa kipaimara, sheria inaona inafaa achukuliwe yule yule wa ubatizo. Mantiki yake ni rahisi: mtoto apate mtu mzima mwingine, nje ya wazazi, anayemjua tangu mwanzo.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia simu mtu, wazazi wajiulize: huyu anajua mtoto wetu anapenda nini na anaogopa nini? Atampokea mtoto akimpigia simu saa 3 usiku? Mama mdogo asiye na gari lakini anayejua majina ya rafiki zake anaweza kufaa kuliko mheshimiwa.

Historia ya Uganda inaonesha uzito wa nafasi hiyo. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaangalia vijana wahudumu wa ikulu ya Kabaka Mwanga na kuwafundisha imani. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga akachukua jukumu lake. Hakuwa mgeni wa Jumapili. Aliishi nao, alijua hatari zilizowazunguka, na aliwakinga dhidi ya matakwa machafu ya mfalme. Mwezi Mei 1886, hatari ilipokaribia, aliwabatiza baadhi yao, akiwemo Kizito, kijana wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki pamoja na Waanglikana. Vijana wale hawakuwa na mwalimu wa mbali.

Kujua kusikogeuka upekuzi

Kumjua mtoto si kupekua simu yake usiku, na si kumtolea siri zake kwenye kikundi cha maombi. Kijana akimwambia mama kwamba ana mashaka juu ya Mungu, kisha Jumapili akasikia "tumwombee kijana wetu fulani," hatasema tena. Aulizwe kwanza kama yuko tayari wengine wajue.

Ipo siri ambayo haifichwi. Mtoto akieleza kwamba anapigwa kupita kiasi, anashikwashikwa au anatishiwa, mlezi asimwahidi kunyamaza. Amsikilize bila kumhoji kama polisi, amwambie kwamba hana kosa, kisha apeleke taarifa kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 hupigwa bure, Tanzania na Kenya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nchini Tanzania inamtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18 na inawapa wanajamii wajibu wa kuripoti. Kumaliza jambo hilo kimya ili kulinda jina la kanisa ni kumwacha mtoto peke yake.

Na wazazi wawe macho kwa walezi wenyewe. Mazungumzo yafanyike mahali panapoonekana, ubarazani au ukumbini, na mzazi ajue yako wapi na yanaisha saa ngapi. Mlezi mwema hakerwi na utaratibu huo.

Akiteleza, nani anabaki naye?

Yohana Marko alianza safari ya kazi pamoja na Paulo na Barnaba, akawaacha njiani akarudi Yerusalemu. Safari nyingine ilipopangwa, Barnaba alitaka wamchukue tena. Paulo alikataa, wakashindana mpaka wakaachana. Barnaba akaondoka na Marko, ambaye walikuwa ndugu wa ukoo mmoja.

Paulo alijua kosa la Marko; Barnaba alimjua Marko. Miaka baadaye, katika barua yake ya pili kwa Timotheo, Paulo yule yule aliomba aletewe Marko kwa sababu alimfaa katika kazi. Katikati ya kukataliwa na kuitwa tena, kijana alikuwa na mtu.

Benchi lililoachwa wazi baada ya kipaimara linamhitaji mtu wa namna ya Barnaba. Si lazima awe mchungaji. Anaweza kuwa baba anayeamua kwamba Jumamosi hii atakwenda na mwanawe kunyoa, na wakiwa kwenye foleni atamuuliza: "Hivi, ni kitu gani pale kanisani huwa hukielewi?" Kisha anyamaze. Jibu likichelewa, avumilie. Likija na maneno asiyoyapenda, asiyapinge siku hiyo. Amshukuru kwa kumwambia, na wiki inayofuata amuulize tena.